Mkeka Wenye Ukingo wa Kahawia

Kwetu sisi, mtu akifiwa unampelekea bakuli la tambi na kuku, na mtu akipotelewa na mwana unamuuliza hali ya hewa. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya ibada, pale chini kwenye ukumbi wa kahawa, lazima mtu amgeukie LaVonne Kivela na kikombe mkononi na kumuuliza, "North Dakota vipi, baridi?"

Naye LaVonne hujibu, "Baridi, lakini kavu. Dale anasema ikiwa kavu si mbaya."

Dale, mwanawe wa pekee, hakuwa North Dakota kwenye visima vya mafuta. Alikuwa hapa hapa mjini, chini ya barabara kuu inapopita juu ya reli, mahali ambapo mtu mwenye magoti mazima angefika kwa miguu kutoka kanisani kabla kahawa yake haijapoa. Tulijua sote. Mchungaji alijua, na Bwana Halvorson, ambaye hasikii wala haoni, naye alijua. LaVonne naye alijua kwamba tunajua. Lakini huku kwetu jambo likishavishwa nguo, hakuna wa kulivua.

Mimi ni Arlys. Maisha yangu ya kazi niliyamalizia nyuma ya kaunta ya duka la vyakula, nikiuliza watu wanataka mfuko wa karatasi au wa plastiki, mpaka siku binti yangu alipofunga ndoa nusura nimuulize bwana harusi. Nimezika mume mmoja na kufukuza mwingine. Kwa hiyo siku hizi nacheka mapema, nisije nikakuta nafasi imeshachukuliwa na kilio.

Alhamisi asubuhi, kina mama wa kanisa letu hukutana huko huko chini ya kanisa kufuma mikeka. Si ukindu wala uzi. Ni mifuko ya plastiki ya dukani, ile myepesi ambayo kila nyumba ina mfuko mmoja umejaa mifuko mingine chini ya sinki la jikoni. Tunaikata vipande vya duara, tunavifungamanisha viwe uzi mrefu, kisha tunafuma kwa kulabu. Mkeka mmoja unameza mifuko mamia. Ukikamilika una urefu wa mtu, unakunjwa na kubebwa begani kwa ukanda wake, na ukiutandika juu ya theluji, unyevu wa ardhi haupandi. Ni wa watu wanaolala nje.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hauna thamani. Blanketi huibwa. Begi zuri la kulalia huuzwa, au mwenyewe hupigwa ngumi na kunyang'anywa. Lakini nani aibe mifuko?

Hilo LaVonne alilijua kwa kuumia. Dale alikuwa akifanya kazi gatini, kule treni za madini zinapomwaga mzigo kwenye meli. Akaanguka kutoka juu ya behewa, mgongo ukaharibika, akapewa vidonge vya maumivu. Maumivu yaliondoka, vidonge vikabaki. Kazi ikaenda, mke akaenda, nyumba ikaenda. Mama yake akamwambia njoo ukae kwangu, akaja, akauza saa ya marehemu baba yake, akaona aibu, akaondoka. Baridi ilipoanza, LaVonne alimnunulia begi la kulalia, la bei ambayo hakuitaja hata kwangu, akampelekea mwenyewe. Kesho yake asubuhi alilikuta kwenye kizingiti cha mlango wake, limekunjwa vizuri, kavu, bila neno. Dale alikuwa ameapa kutochukua tena kitu kutoka mkononi mwa mama yake.

Alhamisi iliyofuata LaVonne alikuja kufuma.

Alifuma kama bibi yake Mfini alivyofuma mazulia ya matambara: katikati rangi yoyote, lakini pembeni lazima ukingo wa rangi moja. Yeye alichagua kahawia. Mifuko ya kahawia ilitoka duka moja tu mjini, lile nililofanyia kazi. Mikeka ikikamilika, shemasi wetu Rolf aliipakia kwenye gari na kuipeleka chini ya barabara kuu.

Siku moja Rolf alinivuta pembeni. "Yule kijana wa Kivela," akasema kwa sauti ya chini, "anapekua rundo lote. Anageuza kila mkeka, anaangalia pembeni. Asipoona kahawia anarudisha."

"Ulimwambia wa kahawia kaufuma nani?"

"Sijamwambia. Hakuuliza."

Alhamisi hiyo nilikaa kando ya LaVonne, nikasema huku naangalia kulabu yangu, "Rolf anasema kuna mtu huko chini, mchaguzi kweli. Anataka wenye ukingo wa kahawia tu."

Mikono ya LaVonne ilisimama. Halafu ikaendelea. "Ana macho mazuri huyo," akasema.

"Ana maringo," nikamwambia. "Wangu una makosa kila mstari lakini nao ni mkeka."

"Wako, Arlys, hata mbwa angeurudisha."

Alicheka, na sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Dale aanguke gatini. Kuanzia siku hiyo hakuna mkeka wa LaVonne uliotoka bila ukingo wa kahawia. Ukichakaa, mwingine ulikuwa tayari. Mama na mwana hawakuwa na mazungumzo mengine duniani isipokuwa hayo.

Basi ndipo baraza la jiji likaja na sheria yake. Maduka yasitoe tena mifuko ya plastiki. Anayetaka wa karatasi alipie senti tano. Na vile vibakuli vyeupe vya povu vya kubebea chakula navyo vipigwe marufuku. Mji mzima ukagawanyika, na meza yetu ya kufumia ikagawanyika nao.

Joyce Engebretson ndiye aliyekuwa mbele kabisa upande wa sheria. Joyce ni mtu ambaye angemkausha samaki kwa taulo kabla ya kumrudisha ziwani. Kila Jumamosi ya kiangazi huokota takataka ufukweni mwa Ziwa Superior, na amewahi kumkata shakwe mfuko shingoni kwa mkasi wake wa kushonea, akadonolewa kwa shukrani.

"Hayo maji ndiyo tunayokunywa," alisema, huku akifuma mkeka kwa mifuko ile ile anayoilaani. "Mfuko hauozi. Unakatika, unakatika, mpaka unaingia kwenye chai yako."

"Mimi sinywi chai," nikasema.

"Kwenye kahawa yako, basi."

"Sasa hapo umenigusa."

LaVonne hakucheka. "Mifuko ikiisha tutafuma nini, Joyce?"

"Tutafuma sufu. Tutanunua nyuzi. Watu wataletewa mablanketi."

"Mablanketi yanaibwa."

"Tutaleta mengine."

"Na ukingo?" LaVonne akauliza.

Joyce alinyanyua macho. Alijua kuhusu ukingo, kama sote. Angeweza kusema, LaVonne, mpenzi, twende chini ya barabara tukamlete mwanao. Sisi hatusemi hivyo. Alisema, "Kuna keki imebaki kipande kimoja, nani atakula?" Na kwa kuwa kwetu hakuna anayekula kipande cha mwisho, kilikatwa nusu, kisha robo, mpaka kikabaki chembe ambayo hata kisu kiliionea huruma.

Siku ya kikao cha baraza cha kuipigia kura sheria hiyo, LaVonne alinipigia simu. Katika maisha yake hajawahi kusema mbele ya watu, hata kuomba chumvi mezani huomba kwa macho. "Nitasema," akaniambia. "Unipeleke."

Joyce naye hakuwa na gari la kutembea kwenye theluji ile, kwa hiyo niliwabeba wote wawili, mpinzani mbele na muungaji mkono nyuma, na katikati ya safari Joyce akampa LaVonne pipi ya kulainisha koo.

"Usikaukiwe ukiwa unanipinga," akamwambia.

Ukumbi wa baraza ulijaa. Wenye maduka, wanafunzi wenye mabango, wazee wasio na kitu cha kufanya. Safu ya nyuma kabisa, ukutani penye mabomba ya joto, walikaa wanaume wenye makoti mawili mawili na mizigo miguuni. Wakati wa baridi ukumbi ule huwa wazi kwa kila raia, na raia wa chini ya barabara kuu huhudhuria kuliko wote. Sikuwaangalia sana. Hilo pia ni desturi.

Kila msemaji alipewa dakika tatu. Mwenye duka la samaki wa kukaushwa kwa moshi aliuliza, "Samaki wangu nimfunge kwa nini, kwa dua?" Mzee mmoja akasema mifuko hiyo ndiyo anayookotea kinyesi cha mbwa wake, na kwamba yeye binafsi yuko tayari kubadilika ila mbwa hajashauriwa. Msichana wa chuo alinyanyua chupa ya maji ya ziwa na kueleza kilichomo. Kisha Joyce akasimama, akasema habari za shakwe na habari za wajukuu wake, na alisema vizuri, lazima nikiri. Mimi mwenyewe niliyekuwa nimegawa mifuko hiyo maisha yangu yote nilijikuta natikisa kichwa kukubali.

Karani akaita, "LaVonne Kivela."

Alienda mbele amebeba mkeka. Aliukunjua juu ya meza ya kipaza sauti, ukining'inia huku na huku, na ukingo wake wa kahawia mbele ya madiwani. Akaeleza jinsi unavyofumwa. Akaeleza unyevu na theluji. Sauti ilikuwa ndogo, meya akamwomba asogee. Akasogea. "Haubebi thamani," akasema, "kwa hiyo mtu anabaki nao. Mtu asiyebakiwa na kitu anabaki na huu." Nilimwona diwani mmoja mwanamke akifuta macho, na nikafikiri, LaVonne, umeshinda, kaa chini sasa.

Lakini diwani mwingine, kijana mpole mwenye tai ya bluu, aliinama kwenye kipaza sauti chake. Hakuwa na ubaya. Alitaka kumsaidia. "Mama Kivela, inaonekana jambo hili liko karibu sana na moyo wako. Je, unamfahamu mwenyewe mtu yeyote anayelalia mikeka hii?"

Niliona mabega ya LaVonne yanapanda. Ilikuwa neno moja tu, na mlango ulikuwa wazi. Lakini kwa miaka mingi alikuwa amejibu swali la North Dakota kila Jumapili, na jibu lilijitokea lenyewe kama mguu unavyokanyaga ngazi gizani.

"Hapana," akasema. "Siwajui watu hao. Mimi nina mtoto mmoja tu, na yuko North Dakota, kwenye mafuta. Anaendelea vizuri."

"Ahsante, mama," diwani akasema.

LaVonne akaanza kuukunja mkeka. Haukunjiki upesi. Bado alikuwa anahangaika nao pale mbele karani alipochukua kadi iliyofuata na kusoma, "Dale Kivela."

LaVonne hakugeuka. Mimi niligeuka.

Alikuwa safu ya nyuma, kwenye mabomba ya joto. Ndevu zilikuwa zimemmeza, lakini macho yalikuwa yale yale ya mvulana aliyekuwa akinunua peremende kwangu na kuomba mfuko wa kahawia wa kuzitilia, ili ajione mteja. Jirani yake alimgusa kwa kiwiko. "Si wewe huyo, Dale? Si ulitaka kusema mambo ya mikeka?"

Karani akarudia, "Dale Kivela. Yupo?"

Dale akasimama. Alimwangalia mama yake mgongoni, muda mrefu kwa jinsi nilivyoona mimi. Kisha akavua kofia, kama alivyofundishwa, akasema kwa sauti ya kusikika vizuri:

"Hayupo. Yuko North Dakota."

Watu wachache walicheka, wakidhani ni utani wa mlevi. Karani aliweka kadi kando. Dale akainua mzigo wake na kushika njia ya kutokea, na ikatokea kwamba LaVonne alikuwa amegeuka hatimaye, mkeka kifuani, akirudi kwenye kiti kwa njia hiyo hiyo nyembamba. Walikutana kwenye mwanya wa viti. Dale alijibana pembeni ampishe.

"Samahani, bibi," akamwambia, kama unavyomwambia mtu usiyemjua. Akatoka.

LaVonne alikaa kando yangu. Mkeka ulikuwa umefunguka upande mmoja, unaburuta sakafuni. Nikamwambia sikioni, "Mfuate."

"Mkutano haujaisha, Arlys."

"Mfuate, nakwambia."

"Kuna mtu anazungumza," akasema. "Si adabu kupita mbele yake."

Nilitaka kumvuta kwa mkono. Nilitaka kupiga kelele. Lakini kulikuwa na mtu anazungumza, habari za vibakuli vya povu, na mimi pia nilizaliwa hapa.

Tulikaa mpaka kura. Sheria ikapita. Joyce, aliyeshinda, alikaa amefumbata mikono kama mtu aliye mazishini, na wanafunzi waliokuja kumpongeza aliwaambia waende nyumbani wakasome. Tulipotoka nje, theluji ilikuwa imefunika ngazi zote, na hapakuwa na nyayo za mtu.

LaVonne hakuja Alhamisi. Wala iliyofuata. Rolf alirudi na mikeka miwili ya ukingo wa kahawia. "Hajachagua," akasema. "Hajaonekana."

Joyce ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Kabla sheria haijaanza kazi alizunguka maduka yote na nyumba za watu, akibisha na kuomba mifuko, Joyce huyo huyo, mpaka gari la mkwewe likajaa plastiki na madirisha yasionekane. Tukaipeleka kwa LaVonne. Ya kahawia alikuwa ameitenga peke yake.

"Hii itakutosha mpaka uzeeke," akamwambia.

"Mimi nimeshazeeka."

"Basi itakutosha. Fuma."

"Nimfumie nani, Joyce?"

Joyce alifungua mdomo. Nilidhani atauliza kama kuna kahawa. Badala yake alikaa sakafuni katikati ya mifuko, na magoti yake yale, akalia. LaVonne akamtengenezea kahawa yeye. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili iliyofuata LaVonne alirudi kanisani. Ibada ikaisha, tukashuka chini, na Bwana Halvorson, maskini, ambaye hakuwa amesikia lolote la kikaoni kama asivyosikia lolote popote, alimsogelea na kikombe. "North Dakota vipi, baridi?"

"Dale hayuko North Dakota," LaVonne akasema. Kwa ajili ya masikio ya mzee ilibidi aseme kwa nguvu, na ukumbi mzima ukasikia. "Hajawahi kwenda. Alikuwa hapa, analala nje, karibu na reli. Nami nilijua. Niliulizwa mbele ya watu kama namjua, nikasema simjui."

Mtu fulani, sitamtaja, akanyanyua birika na kuuliza, "Nimwongezee nani?"

"Usiniongezee," LaVonne akasema. Akaweka kikombe chini, akachukua koti. Safari hii nami niliacha changu.

Hatukubeba kitu. Si mkeka, si mkate. Nilimwambia tupite kwanza nyumbani tuchukue chochote, mtu haendi kwa watu mikono mitupu, akaniambia amekuwa akipeleka vitu miaka yote. Tuliteremka kwenye mteremko ule tumeshikana, wazee wawili kwa viatu vya kanisani, na mimi nikamwambia tukianguka hapa sheria mpya hairuhusu watuokote kwa plastiki. Hakucheka. Sikutegemea acheke.

Chini ya barabara kulikuwa na moto kwenye pipa na wanaume watatu. Magari yalinguruma juu ya vichwa vyetu. LaVonne alisimama mbele yao, akavua glavu, akampa kila mmoja mkono.

"Namtafuta mwanangu," akasema. "Anaitwa Dale. Mimi ni mama yake."

Walitazamana. Mmoja, mwenye kofia ya manyoya iliyoungua upande, alimkagua kuanzia viatuni.

"Dale wa mgongo?"

"Huyo."

"Dale ameondoka wiki nyingi sasa. Kuna anayesema alivuka daraja kwenda Wisconsin. Kuna anayesema alipanda basi." Akakuna shingo. "Lakini wewe huwezi kuwa mama yake. Dale alituambia mama yake alihamia Arizona. Kwenye joto. Alisema ana nyumba nzuri, na mti wa machungwa mlangoni, ndiyo maana haji kumwona. Alikuwa akituhadithia habari za huo mti, tukitetemeka hapa, mpaka tukamwambia anyamaze."

Treni ya madini ilipita, ndefu, ikatulazimisha sote kusubiri. Niliutazama uso wa LaVonne nikajiambia, sasa ataanguka, nami sitaweza kumbeba. Behewa la mwisho likapita. Alikuwa bado amesimama.

"Ni kweli," akamwambia yule mwanamume. "Nilikuwa Arizona. Mkimwona, mwambieni mama yake amerudi."

"Nitamwambia, mama."

"Mwambieni hataondoka tena."

"Nitamwambia."

Tangu hapo tunateremka kila Jumapili. Kahawa ya kanisani inatupita. Joyce huja nasi theluji ikiwa si nyingi, na LaVonne humuuliza kila anayemkuta, mpya na wa zamani, kwa maneno yale yale, jina la mwanawe kwanza na lake baadaye. Mifuko ya kahawia bado ipo sebuleni kwake, imefika dirishani. Hajaigusa. Dale hajaja.